Apophis 2029: kilomita 32,000 au 38,000?

Salaam mkuu. Umeuliza kwa nini kwingine wanaandika asteroidi Apophis itapita kilomita 32,000 kutoka kwetu na kwingine 38,000. Hata mimi niliwahi kukwama hapohapo. Kwanza angalia wamepima kuanzia wapi: 38,000 ni kutoka kitovu cha Dunia, 32,000 ni kutoka usawa wa ardhi. Toa nusukipenyo cha Dunia, 6,371, hesabu inakaa sawa. Tarehe nayo isikuchanganye. Ni 13 Aprili kwa saa za Greenwich, ila kwetu Dar itakuwa kama saa saba kasorobo usiku wa kuamkia tarehe 14.

Jiwe lenyewe lina upana wa mita 340 hivi. Kugonga haligongi, NASA waliifuta hofu hiyo 2021 kwa miaka 100 ijayo. Afrika tutaliona bila darubini, mawingu yakituhurumia.