Maziwa ya Kiwandani Hayakulindi na Vumbi

Juzi kijana mmoja aliyepata kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba huku kwetu Shinyanga ameniandikia: "Kaka, tunapewa pakiti ya maziwa kila siku kwa ajili ya vumbi. Inatosha?" Niliisoma meseji ile mara tatu, maana mimi nami niliwahi kuyapigania maziwa hayo.

Nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi. Tulibishana na uongozi wiki nzima, tukatoka na pakiti moja kwa kila mtu, na siku hiyo nilibebwa mabegani. Kumbe tulishinda kisichotusaidia. Maziwa yanakwenda tumboni, vumbi linakwenda mapafuni.

Mwili wangu ulianza kusema siku za Jumatatu. Jumapili napumzika, nalala vizuri. Jumatatu ikifika saa tisa alasiri kifua kimebana kama kimefungwa kamba, kikohozi kikavu hakikatiki. Jumanne nafuu. Wenzangu wakasema natafuta ruhusa, na neno hilo linaniuma hadi leo. Daktari ndiye aliyeniuliza, "Unafanya kazi na pamba?" Ugonjwa wenyewe unaitwa bisinosisi, na kubanwa kifua siku ya kwanza baada ya mapumziko ndiyo alama yake kubwa. Ukiendelea kulivuta vumbi, Jumatatu inageuka wiki nzima, na mapafu yakishachakaa hayarudi yalivyokuwa.

Mdogo wangu, daini vumbi linyonywe pale pale kwenye mashine, kabla halijafika puani. Msifagie pakavu. Msijipulize nguo kwa mpira wa kompresa. Mimi nilifanya hivyo kila jioni, natoka nang'aa, na vumbi lote nimewarudishia wa shifti ya usiku. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii vumbi laini. Vaa barakoa ya N95 iliyokaza usoni, na ainunue mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka pia mpimwe afya mnapoanza kazi na baada ya hapo kila baada ya muda, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, ndio wasimamizi. Msione haya kuwaita!

Na kifua kikibana, andika kwenye daftari: tarehe, saa, ulikuwa mashine gani. Ugonjwa wa kazini unalipwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, lakini lazima uonyeshe ulianzia wapi. Mimi nilikuwa na kikohozi tu, sikuwa na hata ukurasa mmoja.