Kipimo kimoja cha maji ya mto hakitoshi kuwaruhusu watoto waogelee

Ndugu uliyeuliza kama majibu ya maabara ya mwezi uliopita, yaliyoonyesha bakteria wachache, yanatosha kuwaruhusu watoto waogelee mtoni: kwa maoni yangu hayatoshi, hata kama kipimo kilifanywa vizuri. Nimechota sampuli za kijito kimoja kila wiki kwa misimu miwili, na majibu ya wiki moja yalikuwa yakikanushwa na ya wiki iliyofuata.

Kinachohesabiwa hasa katika maji yasiyo ya chumvi ni E. coli, bakteria wanaoishi katika utumbo wa binadamu na wa wanyama wenye damu moto. Wengi wao hawana madhara, lakini kuwapo kwao kunaonyesha kwamba kinyesi kimeingia majini, na kinyesi hicho huweza kuja na vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo au kuhara damu. Baharini huhesabiwa enterokoki, bakteria wengine wa utumbo ambao hustahimili chumvi zaidi.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya. Sampuli za kwanza nilizichota ukingoni baada ya kuingia majini na kulitibua tope, na kwa kuwa bakteria hudumu katika tope muda mrefu kuliko katika maji yanayopita, nilikuwa nikipima nyayo zangu badala ya mto. Siku hizi husimama nikielekea maji yanakotoka, nikafungua chupa iliyotakaswa bila kugusa mdomo wake wala ndani ya kifuniko, nikaizamisha mdomo ukiwa chini hadi kina cha sentimita 30 hivi, kisha nikaigeuza ielekee mkondo. Huacha nafasi kidogo juu ili maji yaweze kutikiswa maabara. Chupa huwekwa kwenye kasha lenye barafu, lakini isigande, na hufikishwa maabara ndani ya saa 6, maana bakteria huweza kufa au kuongezeka njiani. Hubeba pia chupa ya maji yaliyotakaswa, ambayo huifungua na kuifunga palepale mtoni. Ikionekana na bakteria, najua kosa ni langu.

Wakati wa kuchota una uzito uleule. Mvua kubwa husomba kinyesi cha mifugo na maji ya vyoo vilivyofurika, na katika kijito changu idadi iliwahi kupanda zaidi ya mara kumi kwa usiku mmoja. Jua kali, kwa upande wake, huwaua bakteria walio karibu na uso wa maji, kwa hiyo sampuli ya alasiri mara nyingi hupendeza kuliko ya alfajiri.

Ndiyo maana viwango vya kuogelea haviegemei chupa moja. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2012 unapendekeza wastani wa kijiometri (wastani usiovutwa sana na idadi moja kubwa mno) usiozidi E. coli 126 kwa mililita 100 katika siku 30, na sampuli zinazovuka 410 zisizidi asilimia 10. (Maji ya kunywa ni habari nyingine kabisa: humo E. coli hatakiwi kuonekana hata mmoja katika mililita 100.)

Idadi ikiwa kubwa, usikimbilie kumlaumu mwenye ng'ombe. Panda mto hatua kwa hatua, ukichota juu na chini ya kila mfereji unaoingia. Mimi nilikuwa na hakika kwamba chanzo ni zizi, kumbe lilikuwa bomba la maji machafu lililopasuka chini ya kichaka, mahali ambapo nilikuwa nimepita mara nyingi bila kuangalia.

Kumbuka pia kwamba majibu hutoka baada ya saa 18 hadi 24, kwa hiyo hueleza maji ya jana, na kwamba baadhi ya virusi na kriptosporidiamu (kimelea kidogo sana kinacholeta kuhara) huweza kudumu majini baada ya E. coli kufa. Chota sampuli tano ndani ya siku 30, moja yao makusudi baada ya mvua. Mpaka zikamilike, watoto wasiingie majini kwa siku tatu baada ya kila mvua kubwa, na mwenye kidonda kibichi asiingie kabisa.