Leaf ya mtumba au gari jipya la mkopo?

SWALI: Mimi ni mwalimu, naishi Bamburi, Mombasa. Kila siku naenda mjini na kurudi, kama kilomita 30, na mara mbili kwa mwezi nampelekea mama vitu Kilifi. Nina milioni 1.7 mkononi. Yadi moja inaniuzia Nissan Leaf, gari la umeme, ya 2019 kutoka Japani, betri ya kWh 40, kwa pesa hizo hizo. Benki nayo iko tayari kunikopesha niongezee nichukue BYD Dolphin mpya, gari la umeme la Kichina. Halafu kuna jirani anauza Leaf ya 2014 kwa chini ya nusu ya pesa nilizo nazo. Nishike ipi?

JIBU: Dada, ya jirani iondoe kwenye hesabu kwanza. Leaf ya 2014 ilitoka kiwandani na betri ya yuniti 24 (yuniti ni ile ile ya tokeni za stima, ndiyo kWh). Betri za Leaf hazina mfumo wa kupozwa kwa maji. Zinategemea hewa inayopita tu, na joto la pwani huzila mwaka baada ya mwaka. Ikiwa imebakiwa na asilimia 65, hizo ni yuniti 15 na kitu. Ukiwasha AC, hesabu kilomita 6 kwa yuniti moja: unafika kilomita 90 umekauka, nawe Kilifi kwenda na kurudi ni karibu 100.

Kati ya mbili zilizobaki, tungechukua Leaf ya yuniti 40. Kilomita 30 kwa siku si za kumtia mtu deni la miaka. Lakini hapo unanunua betri, gari ni ganda lake tu, kwa hiyo usitoe hata shilingi ya kushikia kabla betri haijapimwa.

Kando ya kipimo cha chaji kuna vipande vidogo 12 vya afya ya betri. Muuzaji atakuonyesha vyote vinawaka. Usitosheke: cha kwanza hakizimiki mpaka betri ipoteze kama asilimia 15, na kuna wajanja wanaoifuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili vipande virudi vyote kwa wiki chache. Tafuta kifaa cha OBD2 cha Bluetooth (kinachosoma kompyuta ya gari), kichomeke kwenye tundu lililo chini ya usukani, kisha fungua programu ya LeafSpy kwenye simu. Soma SOH, ambayo ni afya ya betri kwa asilimia. Kwa bei uliyotajiwa, 85 kwenda juu ni sawa. Kati ya 80 na 85, bei ishuke. Chini ya 80, waage. Halafu, humo humo, angalia volteji za jozi 96 za seli, yaani vibetri vidogo vinavyounda betri. Gari likiwa limetulia, tofauti ya milivolti 20 au 30 kati ya jozi ya juu na ya chini haina neno. Ikipita 100, hasa chaji ikiwa chini, kuna seli dhaifu.

Baada ya hapo liendeshe. Omba lijazwe 100, nenda nalo hadi libaki 20. Tuseme umekwenda kilomita 150 na dashibodi inasema wastani ni kilomita 6 kwa yuniti. Umekula yuniti 25, na hizo ni asilimia 80 ya betri, kwa hiyo betri nzima ina yuniti 31. Leaf hii ikiwa mpya hukupa kama 39. Hesabu hii haijui kubembelezwa. Na chaji ikiporomoka ghafla ikishuka chini ya 30, rudisha funguo. Yadi ikikataa safari hiyo, umeshajibiwa.

Chungulia na chini ya gari. Magari ya kaskazini mwa Japani hupita kwenye chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji, na kutu huanzia huko.

Nyumbani, usichaji kwa eksitensheni. Chaji ya kilowati 3 huvuta ampia 13 kwa saa nyingi mfululizo, na soketi ya kawaida huanza kunuka plastiki iliyoungua. Fundi akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye boksi la breka (swichi za kukata stima): waya wa milimita 6, breka yake, kinga ya umeme unaovuja, na athi (waya wa ardhini) ya kweli. Siku za kawaida chaji hadi 80, usiku. Usiliache juani likiwa limejaa. Leaf ya Japani ina tundu la Type 1, na la CHAdeMO kwa chaji ya haraka, kwa hiyo kwenye vituo vya Type 2 utahitaji kebo ya kuunganisha.

Ungekuwa unakwenda Voi kila wiki, tungesema Dolphin. Hata ile ya yuniti 44.9 ina betri ya LFP, aina ya lithiamu inayovumilia joto na kujazwa hadi 100, tena hupozwa na mfumo wa AC wa gari. Ila kwenye mkopo ongeza bima kubwa, maana benki haitakubali ile ya watu wengine pekee.

SWALI: Nimepata gari jipya la umeme la kuagiza moja kwa moja kutoka China, rahisi kuliko la muuzaji rasmi wa hapa. Kuna ubaya? Msomaji, Nyali.

JIBU: Uliza usukani uko upande gani, maana wa kushoto hautasajiliwa Kenya. Kisha uliza tundu: magari ya soko la China hutumia tundu la GB/T, na plagi ya chaji ya haraka ya CCS2 haiingii humo. Skrini inaweza kuwa ya Kichina mtupu. La mwisho, dai karatasi inayosema ni karakana gani ya hapa itakayoheshimu waranti ya betri. Bila karatasi hiyo, lihesabu kama mtumba, na bei yake ishuke ifanane na ya mtumba.