Shule mbili, eneo moja: madarasa manane mapya yajengwe wapi?

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi katika Manispaa ya Kigoma Ujiji. Eneo letu lina takriban ekari 5 na linatumiwa na shule mbili, kwa kuwa shule mama iligawanywa wanafunzi walipozidi. Kwa jumla tuna wanafunzi 2,200, wasichana wakiwa 1,120, vyumba vya madarasa 16 na matundu ya vyoo 22, na tunasoma kwa zamu mbili. Wananchi wamekubali kuchangia madarasa 8. Wazazi wa shule moja wanataka yajengwe kwenye uwanja wa mpira kwa sababu ndipo penye tambarare. Wa shule ya pili wanataka upande wa chini, karibu na vyoo vya zamani. Na wapo wanaotaka humo humo kianzishwe kidato cha kwanza. Eneo linateremka kuelekea ziwani, limekatwa na njia ya watu waendao sokoni, na mawe ya mipaka ya upande wa chini hayaonekani tena. Tuanzie wapi, na tupeleke nini halmashauri?

JIBU: Ndugu mjumbe, nitatangulia na ushauri wenyewe kisha nieleze sababu zake. Msijenge uwanjani, wala msijenge upande wa chini. Jengeni upande wa juu, karibu na barabara, na sekondari itafutiwe kiwanja kingine kuanzia sasa. Najua jibu hili halimpi ushindi mzazi wa upande wowote, lakini mabishano ya shule zinazochangia eneo kwa kawaida hutokana na kila kamati kupanga nusu yake kana kwamba nusu ya pili haipo, ilhali maji ya mvua, njia ya watu na mipaka ya kiwanja havitambui kuwa hapo kuna shule mbili.

Tuanze na hesabu. Kwa kiwango cha wanafunzi 45 kwa chumba, wanafunzi 2,200 wanahitaji vyumba 49, nanyi mna 16. Mkiongeza 8 mtakuwa na 24, na kwa zamu mbili kila chumba kitabeba wanafunzi 46. Maana yake ni kwamba madarasa haya hayaondoi zamu. Yanaifanya zamu ivumilike. Mkutano uambiwe hivyo waziwazi, kwani mwananchi aliyechangia mawe na nguvu zake akiamini kwamba watoto wote sasa watasoma asubuhi hatachangia mara ya pili. Darasa la awali nimelihesabu pamoja na mengine ili hesabu iwe nyepesi. Kiwango chake ni watoto 25, hivyo pengo halisi ni kubwa zaidi kidogo.

Kuna jambo jingine ambalo kamati nyingi bado hazijaliweka mezani. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita badala ya saba. Watoto walioingia darasa la tatu mwaka 2024 ndio wa kwanza kuishia darasa la sita, na watamaliza mwaka 2027 pamoja na waliowatangulia ambao wataishia darasa la saba. Kuanzia mwaka 2028 shule zenu hazitakuwa na darasa la saba. Mkigawa wanafunzi wenu 2,200 kwa usawa katika ngazi nane mlizonazo sasa, yaani darasa la awali na la kwanza hadi la saba, kila ngazi ina watoto 275. Ikiondoka ngazi moja wanabaki 1,925, ambao wanahitaji vyumba 43. Vyumba vinane vipya bado vitahitajika, tena sana, lakini pengo linapungua badala ya kupanuka. Si busara, basi, kuutoa uwanja wa michezo milele kwa ajili ya msongamano ambao sehemu yake inajulikana itaisha lini.

Mzigo huo unahamia sekondari. Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea watoto wa miaka miwili kwa mpigo, na wimbi hilo litapanda kidato kwa kidato hadi mwaka 2031. Kwa hiyo wanaodai sekondari wana hoja ya kweli. Ila mahali walipopachagua hapafai. Sekondari haiji na vyumba vya madarasa peke yake: inakuja na maabara za fizikia, kemia na baiolojia, maktaba, jengo la utawala na vyoo vyake. Kuyasukuma yote hayo ndani ya ekari 5 zenye watoto elfu mbili ni kuzalisha shule tatu zisizotosheka. Hoja hiyo ipelekeni kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kama ombi la pekee la kiwanja, msiifunge pamoja na hii.

Sasa ardhi. Ekari 5 ni mita za mraba zipatazo 20,235. Kiwanja cha mpira cha vipimo vya chini kabisa, mita 90 kwa 45, ni mita za mraba 4,050, yaani ekari moja na chembe. Uwanja wenu peke yake unachukua sehemu ya tano ya eneo lote. Hilo ndilo linalowatamanisha watu. Lakini hapo ndipo shule zote mbili zinapokusanyika, ndipo watoto wa zamu ya mchana wanaposubiri wenzao watoke, na ni mahali pa kukimbilia moto ukitokea. Uwanja ukishajengwa haurudi.

Chumba cha mita 7 kwa 9 kwa ndani, pamoja na kuta na baraza ya mita 2, kinachukua mita za mraba karibu 90 za ardhi. Vyumba 8 vya chini vinakula zaidi ya mita 700, bila kuhesabu nafasi kati ya jengo na jengo. Jengo la ghorofa moja, vyumba vinne chini na vinne juu, linakula nusu yake. Kwa eneo finyu kama lenu mimi ningependelea ghorofa, ila nisiwafiche gharama yake. Ghorofa inahitaji nguzo na mihimili ya zege, udongo upimwe kwanza, michoro itoke kwa mhandisi aliyesajiliwa, na ujenzi usimamiwe na mkandarasi mwenye usajili wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Si kazi ya kumpa fundi wa mtaa kwa utaratibu wa nguvu za wananchi. Mwaka 2021, fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19 zilipojenga madarasa 15,000 nchini, kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20, na hayo yalikuwa majengo ya chini. Kwa kipimo hicho cha zamani madarasa yenu manane ni milioni 160, na ghorofa itazidi hapo. Kama halmashauri haina njia ya kuibeba, jengeni safu mbili za chini kwa awamu mbili, zote upande wa juu, na safu ya kwanza isikae mahali ambapo ghorofa ingeweza kuja kusimama baadaye.

Sababu ya kusisitiza upande wa juu ni maji, na hapa naomba msome polepole. Kigoma hupata mvua karibu milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi yake ikinyesha kati ya Novemba na Aprili, tena kwa vishindo. Paa la ghorofa niliyoitaja lina mita za mraba kama 400. Mvua ya milimita 50 katika mchana mmoja inamwaga juu ya paa hilo lita 20,000. Maji hayo yakiachwa yadondoke kwenye mteremko bila mfereji, mwaka wa kwanza yanachimba kijito, mwaka wa pili msingi unaanza kuonekana, na baada ya hapo mna korongo linaloelekea kwenye nyumba za majirani. Kwa hiyo mabomba ya kukingia maji ya paa, matangi na mifereji iliyojengwa kwa mawe vimo ndani ya bei ya darasa. Mtu asiwaambie kuwa ni nyongeza za baadaye. Faida yake mnaiona: hata likipotea tone moja katika kila matano, paa hilo linakusanya lita zipatazo 320,000 kwa mwaka, na shule yenye vyoo vingi haiwezi kuendeshwa kwa ndoo.

Mwelekeo wa jengo nao una uzito. Tuseme ardhi inashuka mita 1 katika kila mita 10. Mkililaza jengo la urefu wa mita 37 kufuata mteremko, kichwa kimoja kitakuwa juu ya kingine kwa mita 3.7, na fedha zote zitazikwa kwenye msingi na kifusi. Mkililaza kukatisha mteremko, tofauti ni chini ya mita moja kwa upana wake wote. Mpimaji wa halmashauri anaweza kuwatolea ramani ya miinuko. Bila ramani hiyo, mchoro wowote mtakaoletewa ni picha tu.

Chumba cha chini kiwe na njia ya mteremko isiyozidi sentimita 1 ya kupanda kwa kila sentimita 12 za kwenda, ili mtoto wa kiti cha magurudumu aingie bila kubebwa. Sakafu ikiwa sentimita 60 juu ya ardhi, njia hiyo inahitaji mita 7.2, kwa hiyo nafasi yake ionekane kwenye mchoro tangu mwanzo. Madarasa ya wadogo nayo yabaki chini. Wekeni pia kinga ya radi. Watu wa Kigoma hawahitaji kuelezwa kwa nini.

Vyoo ndivyo vitakavyowakwamisha hata madarasa yakikamilika. Kiwango ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Kwa wanafunzi wenu wote ni matundu 56 na 44, jumla 100. Kwa zamu mbili, mkihesabu wanaokuwapo kwa wakati mmoja, ni 28 na 22. Nanyi mna 22 kwa wote. Nisingekubali kusaini mpango wa madarasa manane usio na angalau matundu 28 mapya, pamoja na chumba cha wasichana kujisitiri chenye maji. Upande wa chini mnaoutamani kwa madarasa ndio mahali pa vyoo, kwa sharti kwamba viwe umbali usiopungua mita 30 kutoka kisima chochote, vikiwamo vya majirani walio chini yenu, na gari la majitaka liweze kufika. Mashimo ya zamani yaorodheshwe na kuwekwa kwenye ramani kabla ya kufukiwa, maana kujenga juu ya shimo lililosahaulika si ajali ya nadra.

Njia ya sokoni msiifunge kwa ukuta mkidhani mmemaliza. Watu watavunja mahali, kisha kila siku mtakuwa mnagombana nao. Ihamisheni ipite ukingoni, ipimwe, na mkutano wa mtaa uikubali kwa maandishi.

Kuhusu mipaka, hatua hii itangulie nyingine zote za kiofisi. Ombeni idara ya ardhi ifufue mawe ya mipaka kwa kutumia ramani ya upimaji, na kama eneo halijawahi kupimwa, lipimwe kama kiwanja kimoja cha umma kwa jina la halmashauri. Msikubali kugawanywa vipande viwili kwa sababu shule zina usajili tofauti. Usajili ni wa shule, ardhi ni ya wote. Ikibainika kuwa nyumba ya mtu imo ndani, au mkihitaji kuongeza kipande cha jirani, kuna uthamini na fidia, na uthamini usiolipwa huisha nguvu baada ya miaka 2. Kwa hiyo mthamini asiitwe kabla fedha ya fidia haijajulikana itatoka wapi, la sivyo mtamfunga jirani asijenge wala asiuze.

Mikutano iitwe kwa busara ya mahali. Wavuvi wa dagaa na migebuka huwa ziwani usiku wa giza na hupumzika mbalamwezi inapong'aa. Mkutano wa mtaa ukiwekwa siku za giza, nusu ya baba wa watoto hao hawatakuwapo, kisha watapinga kilichoamuliwa bila wao. Kabla ya mkutano, kamati zote mbili zitembee eneo lote pamoja na mwenyekiti wa mtaa, walimu wakuu wawili, afisa elimu kata na wanafunzi wachache, na wasichana waulizwe habari za vyoo wakiwa peke yao na mwalimu wa kike. Ndipo iundwe kamati ya pamoja ya ujenzi yenye idadi sawa ya wajumbe kutoka kila shule, na muhtasari wa kuiunda uidhinishwe na kamati zote mbili. Michango ibaki ya hiari, na asirudishwe nyumbani mtoto hata mmoja kwa ajili yake.

Jihadharini na pupa ya maboma. Yako mengi, yaliyofikishwa kwenye lenta kwa jasho la wananchi, ambayo mhandisi alipokuja kuyakagua kwa ajili ya kupaua aliyakataa kwa sababu ya msingi au vipimo. Mhandisi wa halmashauri aje kwenye msingi kabla ya tofali la kwanza, na aandike alichokiona.

Mtakachopeleka kata na kisha halmashauri ni mihtasari ya mkutano wa mtaa na ya kamati zote mbili, ramani ya mipaka na miinuko, mchoro mmoja wa eneo lote unaoonyesha majengo yaliyopo, yajayo, vyoo, mifereji, njia na uwanja uliolindwa, hesabu za wanafunzi hadi baada ya 2028, na makisio ya gharama yanayotenganisha nguvu za wananchi na fedha inayoombwa. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na makisio ya halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla, kwa hiyo faili likamilike kabla ya Desemba. Mkichelewa, mtakuwa mnaomba kiangazi cha mwaka unaofuata, na kwa mteremko wenu msingi usichimbwe wakati mwingine wowote isipokuwa kati ya Juni na Septemba.