Kabla Hujalipa, Geuza Bakuli

Wiki iliyopita msomaji mmoja alinitumia picha sita za bakuli la kijani lenye ua la peoni, akaniuliza iwapo alinunue. Muuzaji amemwambia kwamba ni seladoni (ufinyanzi wenye mpako wa kioo wa kijani) ya Yaozhou, China, ya enzi ya kale ya wafalme wa Song, iliyochongwa kwa mkono, na kwamba mteja mwingine analingoja. Picha zote sita zilionyesha upande wa ndani tu. Nilipoziona uso ulinipata joto, kwa kuwa miaka tisa iliyopita nilinunua pacha wa bakuli hilo huko Guangzhou, kwa fedha nilizokuwa nimetenga kwa ajili ya shehena ya vitambaa.

Sikwenda kichwa kichwa. Nilikuwa nimesoma habari za matanuri ya Yaozhou, mkoani Shaanxi, na tena babu yangu alikuwa fundi wa nakshi za milango Lamu. Nimekua nikifagia vumbi la patasi yake. Nilijiona mtu asiyeweza kudanganywa na nakshi. Muuzaji alinimiminia chai, akanisifu kwa jicho langu, nami nikaona haya kuligeuza bakuli mbele yake, nisije nikaonekana simwamini.

Niliporudi nyumbani nililipeleka kwa mama mmoja ambaye kazi yake ni kupanga vigae vinavyofukuliwa katika magofu ya pwani. Alilipindua, akaomba kitambaa kibichi, akakisugua kitako. Ile rangi ya kutu iliyokuwa imenipendeza ikahamia kwenye kitambaa. Alinikabidhi kitambaa, si bakuli.

Kisha akanivutia trei ya vigae vya Longquan, seladoni ya kusini mwa China, mkoani Zhejiang, iliyofika kwa wingi Gedi na Kilwa. Kimoja, kipana kama kiganja, kilikuwa na petali za yungiyungi zilizochongwa upande wa nje. Ukingo wa kitako, pasipopakwa kioo, ulikuwa mwekundu, kwa sababu chuma kilichomo katika udongo hushika rangi hiyo hewa inapoingia tanuri likipoa. Wekundu huo umo katika udongo wenyewe na hautoki kwa kitambaa.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo babu angenionyesha kwa patasi moja. Kisu cha fundi wa Yaozhou hulazwa ubavu, hivyo mfereji wake una upande uliosimama na upande wenye mteremko. Mpako wa kioo hutuama kwenye kina na kuwa kijani kizito, halafu hufifia kadiri mteremko unavyopanda. Mishipa ya petali huchorwa kwa kitu chenye meno kama kitana. Katika bakuli la kalibu, udongo hukandamizwa juu ya kalibu iliyochongwa, na mistari huinuka ikiwa na kimo kimoja kila mahali. Kalibu si kosa, maana mafundi wa Yaozhou wenyewe waliitumia sana tangu karne ya 11. Lakini petali za bakuli langu zilikuwa na kimo kimoja na kijani kimoja, na mimi nililipia mchongo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, geuza bakuli. Usione haya, anayeuza kitu cha kweli hataudhika ukikitazama kitako. Shika vigae vingi kabla hujagusa kizima, lakini usivinunue vya magofuni: nchini Kenya, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 ni malikale na kinalindwa na sheria. Omba ruhusa ya kuviona makumbusho. Na ukiambiwa kuna mteja mwingine, mwache anunue. Tunapenda kuitwa wajuzi kuliko tunavyopenda kujua, na wauzaji wanalitambua hilo tangu tunapovuka kizingiti. Nasema tena, geuza bakuli.

Jana msomaji wangu alinitumia picha ya saba. Ni ya kitako, na karatasi ya bei imebandikwa ikakifunika chote.