Sweta saa saba mchana

Kuna siku narudi nyumbani saa saba, jua la Mbagala lile la kufanya lami inate kwenye kandambili, nakutana njiani na mtoto wa dada yangu anatoka shule kavaa sweta zito, mikono kaivuta mpaka kwenye vidole. Nkamuuliza we una homa? Akasema, "Hapana mamdogo, sitaki kuzidi kuwa mweusi."

Yuko form three. Shuleni wanamwita mkaa, na mpira wa pete alioupenda tangu msingi kaacha kwa sababu mazoezi ni saa tisa uwanjani. Iliniuma maana mi nshapita huko jamani. Mwaka 2006 nlinunua mkorogo kwenye kikopo kisicho na jina wala karatasi, wiki tatu nikang'aa kila mtu ananisifia, halafu nikaenda kwa bibi kuvuna mahindi siku mbili tu, uso ukababuka, mashavuni yakabaki madoa yaliyochukua miaka kufifia. Vifundo vya vidole wala havikubadilika, ile ya uso Fanta miguu Coca-Cola ndo ilikuwa mimi.

Sasa sikilizeni nilipokosea. Nlimkalisha nikamwambia rangi yako nzuri mwanangu, ngozi nyeusi ina kinga yake, jua halikufanyi kitu. Alifurahi kweli. Sweta akavua, mpira akarudi, na kofia akaitupa uvunguni, sanskrini, ile krimu ya kukinga jua niliyomnunulia, akasema hizo za wazungu. Sasa yule ana chunusi, na kila chunusi ikipona inaacha doa, na jua linalikoleza lile doa, baada ya miezi miwili uso una madoadoa, na nani kaja kuniuliza krimu ya kung'arisha inauzwa wapi? Yeye yeye. Tumezunguka weee tumerudi palepale, tena nimemzungusha mwenyewe.

Ndo nikaacha kabisa kuchanganya habari ya rangi na habari ya jua. Rangi namsifia siku nyingine, tukisukana. Habari ya jua naongea kama naongelea chandarua, basi. Nlimweleza kwamba melanini, ile inayoipa ngozi weusi wake, inakinga kweli, ngozi nyeusi sana inakadiriwa ina kinga ya kama SPF 13 hivi (SPF ni kipimo cha kukinga jua), siyo sifuri ila siyo mwavuli, na kwa watu kama sisi shida kubwa ya kila siku ni madoa kuliko kuungua. Na anayejichubua anaitoa kinga hiyohiyo halafu anatoka juani bila hiyo. Haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha inayowekwa kwenye krimu, ukiipaka muda mrefu huku unapigwa jua inaweza kukuletea weusi wa kama bluu ambao kuutoa ni kazi, na kwenye vikopo vya mtaani kuna zebaki na steroidi humo, hujui umepakwa nini.

Na sweta lenyewe halikuwa baya, nguo inakinga vizuri tu! Tukabadilisha likawa shati jepesi la mikono mirefu, kofia ya kuzunguka kichwa chote, na kukaa kivulini pale saa nne mpaka saa kumi ikiwezekana. Sanskrini SPF 30 inazuia kama asilimia 97 ya ile miale inayounguza, lakini unarudia kila baada ya saa mbili na ukitoka jasho unapaka tena. Mafuta ya nazi msinitajie, hayakingi. Ila mzazi ukimnunulia binti ile inayoacha uso kama katoka mashineni kusaga unga, usimlaumu asipopaka, hata mi nisingepaka. Ijaribu kwenye taya, toka nje ya duka uiangalie kwenye mwanga.

Kuna kijana wa jirani ana ualbino, miaka 14, kwake hii siyo habari ya madoa, ni saratani ya ngozi. Anapewa Kilisun, ile losheni ya kukinga jua iliyoanzia hospitali ya KCMC Moshi, wanapewa bure, lakini mama yake akagundua kopo halipungui. Akifika getini anavua na kofia, anaificha kwenye begi, maana ni yeye peke yake anayevaa na wanamcheka. Mama hakumgombeza, alienda kwa mwalimu wa darasa akaomba kazi za nje wote wavae kofia, mwalimu akakubali, na kopo sa hivi linapungua. Mngemhubiria yule mtoto habari za saratani mwaka mzima, kofia ingebaki kwenye begi.

Huyu wangu juzi kaniomba hela ya sanskrini bila kusukumwa, nikampa. Karudi na hela yote na hasira, anasema sanskrini zenye rangi zipo, ila dukani wameleta rangi za watu weupe tu. Jumamosi tunaenda Kariakoo kutafuta ya kahawia.