Mkonga wa inchi 2 na Land Cruiser iliyokuwa nzito

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Land Cruiser ya injini ya 1HZ, dizeli, haina turbo. Huku Ifakara masika maji yanajaa barabarani, kwa hiyo nilimwambia fundi wa mtaani anifungie mkonga wa kuvutia hewa juu. Akatumia bomba la maji, PVC la inchi 2, likapanda mpaka usawa wa paa, jumla kama mita moja na nusu na kona tatu. Tangu siku hiyo gari imekuwa nzito na mlimani inatema moshi mweusi. Fundi anasema ni urefu wa bomba, eti nilikate liishie kwenye boneti. Nifanyeje, na je nikiweka la inchi 6 ndo litakuwa bora zaidi? (Msomaji, Ifakara)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tafadhali usilikate, maana ukilikata mkonga unakosa kazi na gari itabaki nzito karibu vilevile, mchawi hapo si urefu bali ni wembamba pamoja na hizo kona.

Injini yako ni lita 4.2 na kila ikizunguka mara mbili inavuta hewa ya kujaza silinda zote 6, sasa ukikanyaga mpaka mizunguko 3,800 kwa dakika, pale inapotoa nguvu zake zote, inakunywa hewa kama madebe 6 ya lita 20 kila sekunde. Kila sekunde! Madebe yote hayo yakipitia tundu la inchi 2 hewa inalazimika kukimbia kama mita 60 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 200 kwa saa humo ndani ya bomba, wakati kwenye bomba la inchi 4 hewa ileile inapita kwa mita 15 tu.

Urefu una madhara yake sikatai, bomba likiongezeka urefu mara mbili ukinzani nao unaongezeka mara mbili, basi. Ila upana ukiupunguza nusu, kwa hewa ileile, ukinzani wa bomba lililonyooka unapanda kama mara 32. Hapo ndo mafundi wengi wanapotea, wanahangaika kupunguza nusu mita huku wameacha tundu jembamba.

Afu kona. Elbo moja kali ya maji inaibana hewa kama bomba lililonyooka lenye urefu wa mara 30 ya upana wake, kwa inchi 2 hiyo ni kama mita moja na nusu, kwa hiyo kona zako tatu peke yake ni sawa na mita nne na nusu hivi. Umeona? Ukinzani wa urefu wa bomba analolilaumu fundi wako ni mdogo kuliko wa kona zake.

Moshi mweusi ni hivi, pampu inapeleka dizeli kwa kufuata mguu wako, haijui kwamba hewa imepungua, basi dizeli inayokosa hewa haiungui yote na inatoka masizi. Kuhakikisha, chomoa mkonga pale unapoingia kwenye boksi la eakilina (chujio la hewa), chujio lenyewe liache mahali pake, panda mlima uleule siku kavu. Moshi ukipungua na gari ikapata pumzi, umeshampata mwizi. Usipopungua angalia chujio lenyewe, linaweza kuwa limejaa vumbi.

Inchi 6 ya nini sasa? Hewa inabanwa pale palipo pembamba kuliko pote, na mdomo wa boksi la eakilina uko palepale. Tafuta bomba lisilopungua upana wa mdomo huo, inchi 3 kwenda 4, kona ziwe za kupinda taratibu, mbili kama inawezekana, na ndani uparuze kingo za maungio zisibaki na ngazi.

Maungio yazibwe kabisa maana injini inanyonya, tundu dogo chini ya maji linaingiza maji kwenye silinda, na maji hayagandamizwi, kinachopinda ni konrodi, ule mkono unaoshika pistoni. Kabla ya masika washa gari ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyaga mafuta), ziba mdomo wa mkonga kwa kibao bapa (si kiganja, inavuta kwa nguvu), injini inatakiwa izimike. Ikiendelea kunguruma kuna mahali inavuta hewa pembeni, patafute kabla hujaingia kwenye maji.